Kisanduku cha Tatu

18 Novemba

Mvua ya kwanza. Imenyesha nusu saa tu, lakini jioni kumbikumbi wametoka na nimepata bakuli zima. Naanza daftari jipya kwa sababu Lyamba amenikataza kuandika mambo yangu ndani ya daftari la kikundi. Anasema mihtasari si mahali pa kusimulia nani alisinzia kikaoni. Sawa. Nitasimulia humu.

22 Novemba

Leo kikao cha kikundi. Wafuga nyuki ishirini na mmoja wa hapa Ugalla, na mimi Capitoline ni katibu wao mwaka wa sita huu, kwa kuwa niliwahi kufundisha shule ya msingi na mwandiko wangu unasomeka. Mwenyekiti ni Lyamba, mdogo wa marehemu mume wangu. Tumempokea kijana mmoja, Deusdedit, wakala wa kampuni inayotaka kununua asali yetu yote ya Juni, kila ndoo, bila kuchagua. Watu wamepiga makofi kabla hajamaliza sentensi.

Halafu akatoa fomu. Maswali kumi na moja. La tisa linasema: Ndani ya kilomita tano kutoka kwenye mizinga, je, kuna mazao ya GMO? Visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Chini yake, sahihi ya katibu.

Nikauliza GMO ndiyo nini, maana nilijua nusu ya waliokuwa wanatingisha vichwa hawajui. Akaeleza vizuri tu: ni mimea ambayo wataalamu wameibadilisha vinasaba kwenye maabara. Wateja wa mjini hawaitaki, au wengine wanaitaka ila wapewe taarifa, kwa hiyo kifuniko cha chupa kitaandikwa "Haina GMO".

"Na mimi nitajuaje nani kapanda nini kilomita tano?" nikamuuliza. "Nyuki wangu wanaruka bila kuniaga."

"Mama katibu, mnaulizana tu na majirani. Mkiona kitu cha ajabu mnakiondoa. Fomu tutasaini Juni."

Lyamba akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikanyamaza. Nimeandika hapa kwamba nilinyamaza, ili nisije nikajidanganya baadaye.

30 Novemba

Tumetundika mizinga mipya porini siku mbili. Mimi mwenyewe nimechonga alama ya mume wangu kwa shoka kwenye kila mmoja, mikato mitatu na mmoja wa kukatisha. Wazee wengine bado wanaona vibaya mwanamke kufika kambi ya warina asali. Mzinga ukikutwa hauna alama, yeyote anaweza kurina na hakuna kesi. Kwa hiyo nachonga kwa nguvu, hata mtu mwenye macho mabovu ajue kwa kupapasa.

3 Desemba

Lyamba amerudi na treni ya Mpanda. Ameniletea mbegu ya mahindi niliyomwagiza, kilo kumi, ndani ya mfuko wa salfeti. Nimeiosha kwa sababu ilikuwa inanuka. Maji yamekuwa mekundu, nadhani ni kutu ya debe la muuzaji. Nimemwaga kwenye mpapai.

4 Desemba

Nimepanda.

11 Desemba

Mvua. Mvua. Choo cha jirani kimetitia.

21 Desemba

Nilikwenda kwa Mabula kuuliza kuhusu ndama wake aliyekula matembele yangu. Mabula ni Msukuma, alikuja na ng'ombe wake kutoka Magu miaka kumi na minne iliyopita, shamba lake limepakana na msitu tunapotundika mizinga. Nimemkuta mkewe, Suzana, anapanda tena mbegu kwenye mapengo shambani. Akanyoosha mkono kunisalimia, na kiganja chake chote kilikuwa cha pinki.

"Nini hii?"

"Rangi ya mbegu, mama. Haitoki hata kwa sabuni."

Sikuipenda rangi ile. Mahindi ni meupe au ni ya njano. Nimerudi nyumbani nikiwaza fomu.

24 Desemba

Misa ya mkesha. Kwaya imeimba vizuri. Padri amechelewa, pikipiki ilikwama kwenye tope.

13 Januari

Lyamba ametuma video kwenye kundi la WhatsApp. Mtu mmoja aliyevaa koti jeupe ameshika mbegu za pinki, anasema hizi ndizo GMO, zinaua nyuki, zinaondoa uzazi. Hakuna jina lake wala mahali anapofanyia kazi. Koti tu. Ndani ya saa moja kila mwanakikundi alikuwa ameiona mara tatu.

Nikataja kiganja cha Suzana. Mimi ndiye niliyetaja.

17 Januari

Kikao cha dharura. Nimepewa kazi ya kuandika barua kwa Mabula, na niseme ukweli, niliiandika kwa raha. Nimetumia maneno kama "kuhatarisha" na "mara moja". Nikasaini kwa madaha na mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho, nikagonga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza ulififia.

Ikapelekwa palepale, na kabla kikao hakijafungwa Mabula alikuja mwenyewe na barua mkononi. Hakupandisha sauti, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, mbegu nimenunua sokoni Mpanda kama kila mtu."

"Mfuko wake uko wapi?" Lyamba akauliza.

"Hakuna mfuko. Muuzaji alikuwa ameshafungua gunia, ananipimia na kopo. Sasa mimi nitajua imetoka wapi? Ng'ombe wangu wana chapa. Akipotea mmoja mpaka Inyonga, nitakwambia huyu wangu. Hiyo mbegu haina chapa, nyie mnaniuliza mimi?"

Kwa kweli alijibu sawasawa. Lakini mimi nilikuwa na barua yangu nzuri, na watu ishirini nyuma yangu, na nilisikia ni jeuri ya mgeni. Miaka kumi na minne bado tunamwita mgeni.

Akauliza tunataka nini. Lyamba akasema ile nusu eka iliyogusana na msitu ikatwe. Mabula akaikunja barua, akasema, "Kateni. Tuishi vizuri."

25 Januari

Tumekata. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, kijani kibichi hasa. Nilikwenda na panga langu kwa sababu sikutaka mtu aseme katibu anaandika tu, wengine ndio wanatoka jasho. Tulikuwa kumi na watano na hatukuongea. Suzana alisimama pembeni na mikono kifuani mpaka tulipomaliza, halafu akaita ng'ombe waje wale.

"Hawa hawaulizi mbegu," akasema, na hakuwa anamwambia mtu.

Mikono yangu inaniuma. Sijala.

26 Januari

Mvua usiku kucha. Sijaenda kanisani.

2 Februari

Mahindi yangu yanapendeza kuliko ya mwaka jana. Kila mtu anayepita anayasifia. Lyamba kasema, "Shemeji, mbegu nilikuchagulia." Nimemshukuru.

15 Februari

Leo sina hamu ya kuandika lakini nitaandika mpaka mwisho.

Asubuhi alikuja Monika, afisa ugani wa kata, kuangalia viwavijeshi. Ni binti mdogo tu, ana buti kubwa kuliko miguu yake, na anasema mambo bila kuyapamba. Nikamtembeza. Tulipofika pale tulipokata kwa Mabula, sasa pana majani tu, akauliza kulitokea nini. Nikamweleza na bado nilikuwa najisifu kidogo.

Akasimama.

"Mama, ile pinki ni dawa. Wanapaka mbegu ili wadudu na ukungu wasiile ardhini, wanaweka na rangi ili mtu asije akaisaga unga akala. Mbegu za chotara karibu zote zinapakwa. Haihusiani na GMO hata kidogo."

"Kwa hiyo ile ya Mabula haikuwa GMO?"

"Ninavyojua mimi, mbegu ya GMO haijaruhusiwa kuuzwa kwa wakulima nchini kwetu. Kwa hiyo sidhani. Ila ukiniuliza niape juu ya mbegu iliyopimwa kwa kopo, mfuko haupo, lebo haipo, siapi. Ninachokwambia ni kwamba rangi haikwambii kitu. Mngeweza kuikuta GMO nyeupe kabisa." Tuliporudi shambani kwangu akainama, akashika shina la hindi langu. "Hii yako ulinunua wapi?"

"Shemeji aliniletea kutoka Mpanda."

"Ilikuwa na rangi?"

Nikasema haikuwa na rangi. Nilisema haraka sana.

Alipoondoka nikafungua daftari hili nyuma. Sikuwa natafuta kitu. Nilitaka kuona siku niliyopanda tu, ili nihesabu wiki za viwavi. Na pale, tarehe tatu Desemba, kwa mwandiko wangu unaosomeka: Maji yamekuwa mekundu. Kutu ya debe. Mpapai.

Nimekaa chini mlangoni. Nimeisoma mara nyingi. Mimi niliosha, Suzana hakuosha, na hiyo ndiyo tofauti yote iliyokuwepo kati yetu. Yeye alinipa mkono akiwa na rangi yake wazi mbele ya mchana, mimi yangu niliimwaga kwenye mpapai nikaenda kumkatia mahindi. Mbegu huenda ilitoka kwenye kopo lilelile, gunia lilelile.

Nilikwenda kwa Lyamba palepale. Nikamuuliza mbegu yangu aliinunuaje.

"Kwa kopo. Kila mtu ananunua kwa kopo, mfuko mzima nani anauweza?"

"Ilikuwa ya pinki?"

Akaangalia pembeni. "Kidogo."

"Na ulijua siku ile ya kikao?"

"Capitoline, mimi nilijua nini? Niliona video kama wewe. Na wewe ndiye uliyetaja mkono wa yule mama." Kisha akashusha sauti. "Shemeji, achana na hayo. Tuna fomu ya kusaini. Asali ya watu ishirini na mmoja. Usituharibie."

Kweli nilitaja mimi. Sina pa kumkimbilia kwa hilo. Lakini najiapia hapa, na daftari hili ndilo shahidi: niliwahi kuweka sahihi yangu kwenye jambo nisilolijua. Mara ya pili hawaipati.

16 Februari

Nimekwenda kwa Mabula. Nimemwambia yote, pamoja na mpapai. Mabula alicheka mpaka akakohoa. Suzana hakucheka. Alisema, "Karibu uji," akaniwekea kikombe, akaenda zake kuchota maji. Nilikunywa peke yangu.

9 Machi

Miti ya muba imeanza kuchanua. Porini kunanukia mpaka kichwa kinauma. Nyuki wanafanya kazi vizuri, hawana habari na fomu.

Nimemwambia Lyamba kikaoni, mbele ya wote, kwamba sitaandika Hapana. Wengine wamenizomea. Evarist, mweka hazina wetu, amesema nimelogwa na Wasukuma. Nimeyaandika kwenye mihtasari, neno kwa neno, "kalogwa" na jina lake mbele. Hilo Lyamba hawezi kulikataza, limesemwa kikaoni.

17 Machi

Lyamba haniongeleshi. Hata chumvi akiitaka anamtuma mtu.

6 Aprili

Nimeamua kutafuta ukweli kwa miguu. Wiki mbili sasa nazunguka mashamba yote ambayo nyuki wetu wanaweza kufika, naomba mfuko wa mbegu. Mfuko tu, mtupu, wenye maandishi. Watu wananiona mwehu.

Mpaka leo nimezunguka mashamba thelathini na moja. Mifuko niliyopata ni mitano. Mmoja umeziba dirisha la Evarist huyohuyo, nikausoma nikiwa nje. Mwingine mtoto ameuvaa kichwani kujikinga na mvua, nikamwomba asimame nimsome. Wengine wote ni kopo, au mbegu ya mwaka jana, au "nilipewa na mjomba". Mzee mmoja kaniambia mbegu yake ni ya kienyeji kabisa, ya babu yake, na nilipoangalia darini nimekuta mahindi ya njano na meupe yamechanganyika, hajui yale ya njano yalimfikiaje.

Na hapo bado sijafika ng'ambo ya reli.

Nilidhani nitarudi na jibu. Nimerudi na hasira. Nikipeleka ndoo moja ya asali mjini naulizwa maswali kumi na moja. Yule anayetuuzia mbegu, kitu ambacho kila kitu kinaanzia kwake, anafungua gunia, anatupa lebo, anapima kwa kopo, na hakuna anayemuuliza swali hata moja. Kisha mnunuzi wa mwisho anataka niape mimi. Wanabishana redioni kama chakula kiandikwe au kisiandikwe. Kiandikwe, nasema mimi! Lakini kiandikwe kuanzia kwenye mbegu, nami nitanakili kwa furaha.

7 Aprili

Miguu imevimba. Nimelala mchana.

18 Mei

Nimevuna. Kabla sijagusa kwangu, nilimwita Suzana nikamwonyesha nusu eka iliyo karibu na njia, nikamwambia ni yake, avune.

Alizunguka akiangalia mahindi, akamenya moja.

"Ni mbegu gani hii?"

"Sijui," nikasema. "Ni ya kopo. Niliiosha."

Hapo ndipo alipocheka, mara ya kwanza tangu Januari. "Tutakula hivyohivyo bila kujua. Lakini mama, tutaivuna pamoja. Sitaki watu waseme nimekuja kukukatia na wewe."

Tumevuna wote siku nzima. Ana mikono myepesi kuliko yangu na anaongea sana. Nimejua leo kwamba siku ile ya Januari alikuwa na panga ndani ya kanga, na Mabula alikuwa amemwomba asilitoe. Kanieleza huku anatupa mahindi kwenye gunia, bila kuniangalia.

12 Juni

Tumerina siku sita. Asali nyingi, nyepesi, ya rangi ya chai ya rangi. Nimeumwa jichoni.

20 Juni

Deusdedit amekuja na lori dogo. Ndoo zote zilipangwa kivulini mbele ya ofisi ya kikundi, watu wamevaa vizuri. Lyamba alinisalimia kwa mara ya kwanza tangu Machi, kwa heshima kubwa, na nikajua anaogopa.

Fomu ikawekwa mezani. Nikajaza moja mpaka nane. Nilipofika la tisa nikachukua rula ya kijana wa watu, nikachora kisanduku cha tatu pembeni ya vile viwili. Nikakipigia mstari chini ili kilingane. Nikaandika: Hatujui. Nikatia alama ya vema ndani yake, nikasaini, na mkia wa herufi ya mwisho safari hii nikaufanya mfupi.

"Mama, hiki hakipo," Deusdedit akasema.

"Nimekichora."

"Fomu haichorwi. Ni Ndiyo au Hapana. Weka Hapana tu, kila mtu anaweka Hapana! Vikundi vyote nilivyopita wameweka Hapana. Hakuna mtu atakuja kupima huku."

"Kwa hiyo hata wewe hujui."

Akatoa fomu mpya kwenye begi, akampa Lyamba. "Mwenyekiti, mteue katibu mwingine wa leo tu. Asaini mtu yeyote."

Lyamba akampa Evarist kalamu. Evarist akaishika, akainama, na mimi nikasema, si kwa ukali, "Evarist, mfuko ulioko dirishani kwako ni wa mwaka juzi. Mwaka huu ulipanda nini?"

Kalamu ikabaki hewani. Akasema, "Ya kopo."

"Uliosha?"

"Nani asiyeosha?" Akaiweka kalamu mezani.

Ikapita kwa mwingine. Bibi Jeniffer, mkubwa wetu kuliko wote, alisema hata yeye aliosha, na siku ile alikuja na panga, na hawezi. Wa tatu akaondoka bila kuishika. Wanne hawakutaka kusikia upuuzi huu, wakabeba ndoo zao wakisema watauza wenyewe Mpanda, na sikuwalaumu, wana watoto wa shule.

Mwisho kalamu ikarudi kwa Lyamba. Aliishika muda mrefu. Kisha akavuta ile fomu yangu yenye visanduku vitatu, akaandika jina lake chini ya langu, herufi kubwa, moja moja.

"Una kichwa kigumu kama marehemu," akaniambia.

Deusdedit aliondoka na fomu na lori tupu. Watu kumi na sita walibaki wakiangalia ndoo.

24 Juni

Tumeanza kuuza asali stesheni, treni inaposimama. Chupa za maji zilizooshwa, na karatasi nimeandika mwenyewe: Asali ya Ugalla. Nyuki wetu wamepita mashamba thelathini na moja na zaidi. Mbegu za mengi hazina lebo, kwa hiyo hatuapi. Kama unataka kujua, muulize aliyeuza mbegu.

Abiria mmoja kaisoma kwa sauti dirishani, behewa zima likacheka, kanunua chupa mbili. Mwingine karudisha yake. Nimempa pole, nimeipokea. Ndoo bado zimejaa.

2 Julai

Mabula ametundika mzinga, wa kwanza maishani mwake, kwenye ule ukingo tuliokata. Ameuchoma kwa chuma cha moto, chapa ya ng'ombe wake. Evarist kasema alama za hapa huchongwa kwa shoka. Nimemwambia hata kipofu anaisoma hiyo. Suzana kaniletea kitu amekikunja ndani ya kanga: mfuko wa mbegu ya Desemba ijayo, haujafunguliwa, jina na namba na kila kitu. Walichangiana majirani watano kuununua mzima, mmojawapo ni Lyamba.

"Uweke kwenye faili lako ukiisha," kasema.

5 Julai

Deusdedit amepiga simu. Sauti imepoa, kijana si mbaya.

"Mama katibu, ofisini wameiona fomu. Wanasema kisanduku cha tatu hakipo."

"Sasa kipo."

"Wanasema mwaka huu haiwezekani. Labda mkibadilisha jibu. Mimi niwaambie nini?"

"Waambie katibu alishawahi kusaini asichokijua, Januari, na nusu eka ya mahindi ya mtu ikaliwa na ng'ombe. Waambie anasubiri fomu ambayo na muuza mbegu ameisaini. Siku hiyo nitaandika Hapana kwa mikono miwili."

Akauliza, kwa sauti ya chini, kama bado kuna asali, maana mama yake anaihitaji kwa kifua.

Nikamwambia ndoo zimejaa, aje, na karatasi yake ataipata imebandikwa kama ya kila mtu.